Serikali Ishike Mizani, Isishike Ndimi

Wahenga walituachia methali kwamba njia ya mwongo ni fupi. Methali hiyo ilitungwa katika zama ambazo mwongo alikwenda kwa miguu. Leo mwongo hasafiri. Anakaa barazani kwake, anabonyeza kidole, na kabla kahawa yake haijapoa uongo umekwisha kuingia katika nyumba elfu. Basi swali linaloulizwa na wengi, wakubwa kwa wadogo, ni hili: je, serikali zikabidhiwe kazi ya kuuzuia uongo huo? Na zikikabidhiwa, ziuzuie kwa kushika nini?

Kabla ya kujibu, inatupasa tujihesabu sisi wenyewe, kwani si uungwana kuwanyooshea wengine kidole ilhali mikono yetu haijanawiwa.

Siku moja uliingia ujumbe wa sauti katika kundi la simu la wazazi wa madrasa tunayofundisha. Mwanamke mwenye sauti ya kilio alisema kwamba lipo gari jeupe linalozunguka mitaani kuiba watoto wanaotoka chuoni. Hakutaja jina lake, wala mtaa, wala siku. Sisi, kwa nia ya kuwatahadharisha watu, tukaupeleka ujumbe ule katika makundi mengine matatu. Kesho yake baada ya alasiri, mtu mmoja mwenye gari jeupe alisimama karibu na madrasa akamuuliza mtoto njia. Haikupita dakika tano ila watu walikuwa wamekwisha kumzunguka. Kioo cha gari kikavunjwa, shati lake likachanwa, na mmoja akapaza sauti ya kutaka mafuta ya taa. Aliyemwokoa ni bibi muuza vitumbua, aliyejitosa katikati ya kundi na kusema kwamba anamfahamu, ni mchuuzi wa ndoo na mabeseni ambaye humkopesha bidhaa kila mwezi. Tulipofika kusaidia, tulimwona aliyekuwa amemkaba yule mchuuzi kooni. Alikuwa mzazi tuliyemtumia ule ujumbe sisi wenyewe.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, hatuandiki makala haya kama watazamaji. Tunaandika kama watu waliokaribia kushiriki katika damu.

Uzushi ni wa kale, soko ndilo jipya

Wapo wanaodhani kwamba uzushi ulizaliwa pamoja na simu. Dhana hiyo si sahihi. Watu wa pwani walikuwa na habari za mumiani tangu zama za ukoloni, na yako magari ya serikali yaliyokimbiwa kwa kudhaniwa kuwa yanakusanya damu za watu. Taharuki ya popobawa ilianzia Pemba mwaka 1995, ikavuka hadi Unguja na pwani ya bara, watu wakalala nje ya nyumba zao makundi kwa makundi, na haikuhitaji intaneti. Redio mbao ilikuwa ikitangaza siku zote.

Lililobadilika ni mambo mawili. La kwanza ni kasi. Mnamo Julai 2018, katika kijiji cha Rainpada, jimbo la Maharashtra nchini India, watu watano waliuawa na umati kwa kudhaniwa kuwa wezi wa watoto, baada ya ujumbe wa aina ile ile tuliousambaza sisi kuenea katika WhatsApp. Mwaka huo huo watafiti wa chuo cha MIT cha Marekani walichapisha uchunguzi wa habari zipatazo 126,000 zilizopita katika Twitter, wakaona kwamba habari ya uongo ina uwezekano wa kusambazwa zaidi ya habari ya kweli kwa asilimia 70. Walipochunguza sababu, waliona kwamba wasambazaji wakuu ni wanadamu, si mashine, kwa kuwa uongo ni mpya na unashangaza, na nafsi hupenda jipya.

La pili ndilo zito zaidi: uongo umekuwa bidhaa. Kampuni zinazomiliki mitandao hii haziuzi habari. Zinauza muda wa macho yetu kwa wenye matangazo. Kila kinachotufanya tukae tukitazama, kiwe kweli au uzushi, kinaingiza fedha katika hazina ile ile.

Watu wanne waliochora miji

Katika masomo ya juu tuliyosoma kwa Kiarabu, tulifundishwa kitabu cha Al-Farabi juu ya mji bora, kisha tukasomeshwa juu ya kundi la Wazungu wa karne ya 19 ambao Waarabu huuita ujamaa wao ishtirakiyya tubawiyya. Kwa Kiswahili twaweza kuwaita Wajamaa wa Njozi. Jina la njozi walipewa na wapinzani wao, akina Marx na Engels, waliowaona kuwa wanachora miji mizuri bila kujua njia ya kuifikia. Hatuwataji hapa ili tuwafuate. Tunawataja kwa sababu anayejaribu kuchora jamii kamili hulazimika kujibu swali ambalo sisi hulikwepa: katika mji huo, habari zitapita katika mkono wa nani?

Wanne kati yao walijibu kwa njia nne zinazopishana, na majibu yao ndiyo yale yale yanayogombana leo katika mabunge.

Wa kwanza ni Charles Fourier, aliyezaliwa Besançon, Ufaransa, mwaka 1772, mtoto wa mfanyabiashara wa nguo. Alisimulia kwamba alipokuwa mdogo aliwaambia wateja wa dukani kwao ukweli juu ya bidhaa, akaadhibiwa na wazazi wake, na siku hiyo akaapa kuichukia biashara maisha yake yote. Alilojifunza ni kwamba nyumbani na kanisani alifunzwa kuwa uongo ni dhambi, na dukani akafunzwa kuwa uongo ni kazi. Hoja yake ni kwamba mwongo mmoja mmoja si chanzo. Chanzo ni mpangilio unaomlipa mwongo na kumtia hasara mkweli.

Wa pili ni Robert Owen, Mwelisi aliyeendesha viwanda vya pamba vya New Lanark, Scotland, tangu mwaka 1800. Yeye alisema tabia ya mtu hutengenezwa na mazingira na malezi, basi dawa ni elimu. Tarehe 1 Januari 1816 alifungua huko taasisi ya kujenga tabia, watoto wakafundishwa humo mchana na watu wazima usiku. Lakini Owen huyo huyo alitundika mbele ya kila mfanyakazi kipande cha ubao chenye rangi nne, nyeusi, buluu, njano na nyeupe, kikigeuzwa kila siku kuonyesha kama jana yake alikuwa mwovu au mwema. Malezi yakiambatana na upelelezi, mpaka kati yake huwa mwembamba.

Wa tatu ni Saint-Simon, aliyefariki mwaka 1825. Katika maandiko yake ya mwanzo alipendekeza baraza la watu 21, wanahisabati, wanafizikia, wanakemia, wanafiziolojia, waandishi, wachoraji na wanamuziki, watatu kwa kila fani, waongoze fikra za wanadamu. Kwa lugha ya leo: kweli iamuliwe na wataalamu.

Wa nne ni Étienne Cabet, na huyu tunaomba tukae naye kidogo.

Mji wa gazeti moja

Mwaka 1840 Cabet alitoa riwaya juu ya nchi ya kubuni aliyoiita Icaria. Katika nchi hiyo hakuna maskini, hakuna fedha, watu wanakula na kuvaa sawasawa. Na habari je? Kila wilaya ina gazeti lake moja, kila jimbo gazeti lake moja, na taifa zima gazeti lake moja. Magazeti hayo ni ya umma, yanaandikwa na waliochaguliwa, na hayaruhusiwi kutoa maoni, ila matukio tu. Vitabu havichapishwi pasipo idhini, na vile vya zamani vilivyoonekana vina madhara vilichomwa moto. Cabet hakuona aibu katika hilo. Aliamini kwamba serikali ikishakuwa ya haki, haina sababu ya kusema uongo, na asiyesema uongo haogopwi akishika kalamu peke yake.

Sasa tazama yaliyotokea njozi ilipotua ardhini. Cabet alikuwa na gazeti lake, Le Populaire, ambalo wafuasi wake walilisoma kwa imani kamili. Mwanzoni mwa mwaka 1848 gazeti hilo liliwatangazia kwamba zimepatikana ekari zaidi ya milioni moja huko Texas, Marekani, kandokando ya Mto Red. Wafuasi 69 wakaondoka bandari ya Le Havre tarehe 3 Februari 1848, wakiimba. Walipofika waliikuta ardhi mbali na mto. Ekari zao zilikuwa chache mno kulinganisha na ahadi, tena vipandevipande vilivyochanganyika na ardhi ya wengine, na sharti la mkataba ni kwamba nyumba ziwe zimejengwa juu yake kabla ya Julai Mosi. Homa ikawaangusha, baadhi wakafa, waliobaki wakarudi nyuma kwa miguu. Waliosalia wakahamia Nauvoo, jimbo la Illinois, mwaka 1849. Huko Cabet akazidi kubana amri, hadi akapiga marufuku tumbaku na kuwataka watu wafanye kazi kimya. Mwaka 1856 wafuasi wake walimfukuza, naye akafa mwaka huo huo mjini St. Louis.

Hatudai kwamba Cabet alikusudia kuwadanganya watu wake. Inawezekana kabisa kwamba yeye mwenyewe alidanganyika. Na hapo ndipo penye mafunzo. Mtu mwema aliyeota nchi isiyo na habari za uongo aliwapeleka watu kifoni kwa habari ya uongo, kwa sababu palikuwa na gazeti moja tu waliloliamini na hapakuwa na la pili la kuuliza: je, kuna aliyeiona ardhi hiyo? Habari ikiwa na mlango mmoja, kosa nalo hupita katika mlango huo bila kuzuiwa na mtu.

Jambo hili si geni kwetu. Tanzania nayo ilipata kuishi karibu na Icaria. Gazeti la Standard lilitaifishwa Februari 1970, na mwaka 1972 likaunganishwa na The Nationalist kuwa Daily News. Kwa miaka mingi redio ilikuwa ya serikali peke yake, na magazeti ya kila siku yalikuwa ya chama na ya serikali. Waliofanya hivyo walikuwa na hoja: taifa changa, watu wengi wasiojua kusoma, maadui wa nje. Lakini kila aliyeishi miaka ile anajua kwamba redio ya taifa iliponyamaza juu ya jambo, redio mbao ndiyo iliyosikilizwa. Ukimya wa mkubwa haukuua uvumi, bali uliulisha.

Sheria za leo zinashika nini?

Tukirudi katika zama zetu, tunaona kwamba serikali nyingi za Afrika Mashariki zimeelekea upande wa Cabet, ingawa hazimjui.

Tanzania ilipitisha Sheria ya Makosa ya Mtandao mwaka 2015. Kifungu chake cha 16 kiliweka adhabu kwa anayechapisha habari ya uongo, faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zikamtaka mwenye blogu alipe jumla ya shilingi 2,100,000 kwa maombi, leseni na ada ya mwaka. Kenya mwaka 2018 ilipitisha sheria iliyoweka kifungo cha hadi miaka 10 kwa mwenye kuchapisha uongo wa kutia watu hofu. Uganda, mwaka huo huo, ilitoza shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii, na Rais Museveni alieleza kwamba shida yake ni lugambo, yaani umbea. Ushuru huo uliondolewa mwaka 2021, lakini Januari ya mwaka huo mitandao ilifungwa nchini humo kuelekea uchaguzi.

Nia ya kulinda watu hatuikatai. Tunachokiuliza ni uwezo wa hakimu. Ni nani anayetamka kwamba habari fulani ni ya uongo? Katika nyingi ya sheria hizi, anayepeleleza, anayeshitaki na anayefunga mtandao wote ni mkono wa serikali, na mara nyingi habari inayobishaniwa inaihusu serikali hiyo hiyo. Mchezaji amekuwa mwamuzi. Ndiyo maana Mahakama ya Afrika Mashariki, Machi 2019, iliamua kwamba vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya Tanzania ya mwaka 2016 vinakwenda kinyume na mkataba wa Jumuiya.

Tazama pia yaliyotokea Tanzania tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu. Intaneti ilikatwa, na ikakaa katika hali hiyo kwa siku kadhaa. Mwenye ndugu katika mji mwingine hakujua kama yu hai au amekufa. Je, uzushi ulikoma? Akili inatosha kujibu. Mtu aliyefungiwa chumbani gizani hasikii sauti chache, ila kila mkwaruzo huwa ni nyoka.

Na uko ushahidi mzito kuliko huo. Nchini Myanmar, kuanzia Agosti 2017, Warohingya zaidi ya 700,000 walikimbilia Bangladesh wakiwa wameacha nyumba zao zikiteketea. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walieleza mwaka 2018 jinsi Facebook ilivyotumika kueneza chuki dhidi yao, na kampuni hiyo ilikiri Novemba 2018 kwamba haikufanya vya kutosha kuzuia. Lakini ni nani waliokuwa miongoni mwa waenezaji? Maofisa wa jeshi. Kama Myanmar ingekuwa na sheria kali ya habari za uongo, ingemfunga nani? Ingemfunga Mrohingya aliyepiga picha ya kijiji kinachoungua.

Baraza la wataalamu na tajiri wao

Wengine watasema: basi tumwache Cabet, tumfuate Saint-Simon. Kazi ya kuchuja habari wapewe wachunguzi huru. Rai hii ina heri ndani yake, na taasisi kama Africa Check, iliyoanzishwa mwaka 2012, zimefanya kazi ya maana. Lakini tarehe 7 Januari 2025 mkuu wa Meta alitangaza kwamba kampuni yake inaachana na wachunguzi wa nje huko Marekani, na kwa tamko la mtu mmoja mpango wa miaka kadhaa ukafika mwisho. Baraza linalolishwa na mfanyabiashara huvunjwa na mfanyabiashara.

Hapa tunaruhusiwa kutoa mfano kutoka katika elimu tuliyolelewa nayo, kwa kuwa unagusa jambo lenyewe. Wanazuoni wa Hadithi walikabiliwa na tatizo hili hili la uzushi zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Hawakutegemea ofisi ya sultani iwapigie muhuri wa kweli. Walijenga elimu ya isnadi, kila habari na mlolongo wa waliyoipokea, na elimu ya jarhi na taadili, ya kuwachunguza wasimulizi mmoja mmoja, kwa majina, kwa kumbukumbu na kwa mwenendo. Mwanachuoni alisafiri miezi kuhakikisha kauli moja. Mwongo hakukatwa ulimi. Jina lake liliandikwa, na kila mwanafunzi wa kila mji akajua kwamba mapokezi yake hayachukuliwi.

Na ni historia hiyo hiyo inayoonyesha upande wa pili. Mwaka 833 Khalifa Al-Maamun aliamua kwamba dola ndiyo itakayopima itikadi za wanachuoni, ikawaita mmoja mmoja kuwahoji. Aliyekataa kutamka alilotakiwa kutamka alifungwa, na chini ya mrithi wake Imamu Ahmad bin Hanbal alipigwa mijeledi. Watawala wale hawakujiona kuwa wadhalimu. Walijiona wanaisafisha jamii na upotofu.

Mkaguzi wa soko

Sasa tunafika katika rai yetu. Tunasema: serikali ina wajibu, na wajibu huo si mdogo, lakini mahali pake ni kwenye mizani, si kwenye ndimi.

Katika miji ya Kiislamu ya zamani alikuwako muhtasibu, mkaguzi wa soko. Kazi yake ilikuwa kupima vibaba na mawe ya mizani na kumkamata anayetia maji katika maziwa. Al-Mawardi, aliyefariki mwaka 1058, alieleza kwamba mkaguzi huyo hushughulika na uovu uliodhihiri, wala haimpasi kupeleleza yaliyofichika majumbani. Nasi tunao mfano wake hadi leo: Tanzania ina Wakala wa Vipimo, wanaokwenda dukani kukagua mizani. Hawaulizi muuza nyama anamzungumzia nani. Wanauliza kama kilo yake ni kilo.

Soko la habari nalo lina mizani yake, nayo ni ile programu inayoamua ni ujumbe gani upandishwe mbele ya macho ya watu milioni na upi uzikwe. Mizani hiyo imefichwa chini ya kaunta. Hapo ndipo Fourier alipotangulia kuona: ukimkamata mchuuzi mmoja na ukaacha mizani, kesho watakuja wachuuzi kumi.

Kwamba jambo hili linawezekana, upo ushahidi. WhatsApp ilipopunguza idadi ya makundi ambayo mtu anaweza kuyasambazia ujumbe kwa mara moja, hadi matano duniani kote Januari 2019, na Aprili 2020 ikauzuia ujumbe uliokwisha kusambazwa mno usipelekwe ila kwa kundi au mtu mmoja kwa wakati, kampuni yenyewe ilisema jumbe za aina hiyo zilipungua kwa asilimia 70. Hakuna aliyefungwa wala gazeti lililofutwa, ila mlango ulifanywa mwembamba kidogo ili mtu apate muda wa kufikiri. Nayo Tume ya Ulaya, Desemba 2025, iliitoza kampuni ya X faini ya euro milioni 120. Miongoni mwa sababu ni alama ya buluu: zamani ilimaanisha kwamba mtu amehakikiwa, kisha ikawa inauzwa kwa yeyote mwenye fedha, na watazamaji wakahadaika. Huo ndio ukaguzi wa mizani. Hakuhukumiwa mtu kwa maoni yake, alihukumiwa muuzaji kwa jiwe la uzito wa uongo.

Basi tungependa serikali zetu zifanye haya. Kwanza, zizitake kampuni hizi zieleze wazi jinsi zinavyopandisha habari, ni nani aliyelipia kila tangazo, na ni watu wangapi wanaojua Kiswahili zimewaajiri kusoma maonyo yanayotumwa kwa Kiswahili. Wala watu hao wasitendewe kama takataka. Mwaka 2023 zaidi ya wafanyakazi 180 waliokuwa wakichuja maudhui ya Facebook jijini Nairobi waliishitaki Meta mahakamani, na miongoni mwa malalamiko yao ni madhara ya kutazama maovu siku nzima. Pili, adhabu ya jinai ibaki kwa madhara yanayothibitika, kama kuchochea watu wamwage damu, kutapeli na kumsingizia mtu, tena iamuliwe na mahakama iliyo huru, si na waziri wala ofisa wa leseni. Tatu, serikali zenyewe zifungue milango. Tanzania na Kenya zote zilipitisha sheria za kupata taarifa mwaka 2016. Ofisi inayojibu swali la mwananchi leo inapunguza uvumi wa kesho kuliko polisi kumi.

Wapo watakaotupinga kwa kusema kwamba haya ni ya polepole, na umati ukishakusanyika hausubiri ripoti ya kampuni. Pingamizi hili tunalikubali, kwa kuwa tulikuwapo. Lakini tuulize: ni sheria gani kati ya hizo ilimwokoa yule mchuuzi? Kifungu cha 16 kilikuwapo siku ile. Miaka mitatu jela ilikuwapo. Hakuna aliyeikumbuka, si sisi tuliosambaza wala yeye aliyekaba. Aliyeokoa ni bibi mmoja aliyekuwa na elimu ya hakika juu ya mtu mmoja, na akawa na ujasiri wa kuisema mbele ya watu wenye hasira.

Ndiyo maana neno la Owen linabaki, tukiliondolea ule ubao wake wa rangi. Malezi hayana badala. Watoto wetu wanajua kusoma, lakini hatuwafundishi kuuliza: nani kasema, kaonaje, lini, na anapata nini nikiamini? Maswali haya manne yafundishwe skulini na chuoni kama inavyofundishwa hesabu. Na sisi walimu tuanze kwa nafsi zetu, maana ujumbe unaotoka kwa mwalimu haupimwi na wazazi, unaaminiwa tu. Heshima hiyo ni amana.

Siku tatu baada ya tukio tulikwenda nyumbani kwa mchuuzi yule, sisi na yule mzazi, tukachanga fedha za kioo na tukaomba radhi. Alitupokea, akatupa viti. Swali lake lilikuwa moja: "Maalim, nani aliyeanza maneno haya?" Tulimjibu kwamba hatujui, na tulisema kweli. Kisha tukamweleza tulichokuwa tunakijua: kwamba sisi tuliyapitisha. Alinyamaza kwa muda, akasema aliyeanza hakuwa na uwezo wa kumfikia yeye. Waliomfikia ni waliopitisha.

Tangu siku hiyo, katika kundi la wazazi, ujumbe usiotaja aliyeona, mahali na siku hauvuki. Haikuhitaji leseni.